Nanowaya haioni infraredi: utatuzi wa matatizo ya vigunduzi vya mwanga, dalili kwa dalili

Nanowaya ni uzi mwembamba sana wa semikondakta, wa makumi ya nanomita hadi mia hivi, unaowekwa kwenye chipu ili ugeuze mwanga kuwa mkondo wa umeme. Ikikataa kuitikia infraredi, wengi hukimbilia kuulaumu ukuzaji wa fuwele. Mara nyingi kosa liko karibu zaidi: LED imekufa, pazia linapitisha jua, au multimita inatafuta mkondo ambao haina uwezo wa kuuona. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea sana, na kipimo rahisi kinatangulia dawa nzito. Thibitisha mwanga kwanza, kisha nyaya za nje, kisha maungio ya metali. Nanowaya yenyewe ije mwisho.

Viwe mezani: multimita inayosoma mikroampea, fotodayodi moja (kijenzi kinachogeuza mwanga kuwa mkondo) ya silikoni aina ya BPW34 (ile angavu, si yenye kichujio cheusi), betri za volti 9, foili ya alumini, na sufuria ndogo ya alumini. Ndiyo, sufuria. Ipindue juu ya chipu, ipitishie nyaya kwenye tundu dogo, uiunganishe na ardhi ya saketi. Inaziba mwanga na kelele za umeme kwa pamoja, na kwa kazi hii inashinda maboksi mengi ya plastiki yanayouzwa ghali.

Dalili ya 1: Unawasha infraredi, mkondo hausogei

*Mwanga haupo.* Infraredi ya nanomita 940 jicho halioni kabisa, kwa hiyo LED iliyokufa na iliyo hai zinafanana. Itazame kwa kamera ya simu. Kamera ya mbele hufaa zaidi, kwa sababu kwenye simu nyingi kichujio chake cha infraredi ni hafifu kuliko cha kamera ya nyuma. LED ya nanomita 850 huonyesha wekundu mdogo hata kwa macho gizani, na huo si ubovu.

LED hizi huhitaji volti 1.2 hadi 1.5 tu. Ukitumia chanzo cha volti 5, weka rezista ya ohmu 180 upate takribani miliampea 20. Anayeiunganisha moja kwa moja huiunguza papo hapo, kisha hushinda kutwa nzima akikagua chipu.

Kamera inasema mwanga upo au haupo. Haisemi ni kiasi gani. Hapo ndipo BPW34 inapofaa. Iweke palepale chipu inapokaa, katika umbali na pembe ileile, uiunganishe na multimita kwenye mikroampea. Eneo lake la kupokea ni milimita za mraba 7.5, na kwa mwanga wa karibu nanomita 950 hutoa takribani mikroampea 45 hadi 50 kwa kila miliwati 1 kwa sentimita ya mraba. Ikisoma mikroampea 5, una sehemu ya kumi ya miliwati, hata karatasi ya LED ikisema vingine. Andika namba hiyo. Utaihitaji tena.

*Rangi ya mwanga na pengo la nishati havipatani.* Pengo la nishati ni nishati ndogo kabisa ambayo fotoni, yaani chembe ya mwanga, inahitaji ili semikondakta iifyonze. Gawanya 1240 kwa pengo hilo katika elektronivolti (eV). Jibu ni urefu wa wimbi, kwa nanomita, ambao ukiupita semikondakta haifyonzi tena. Kwa joto la chumba:

- GaAs (galiamu aseniki), 1.42 eV: ukomo karibu nm 870
- InP (indiamu fosforasi), 1.34 eV: karibu nm 925
- Silikoni, 1.12 eV: karibu nm 1100
- InGaAs (mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki) inayokuzwa juu ya InP, 0.74 eV: karibu nm 1680
- Jemaniamu, 0.66 eV: karibu nm 1880
- InAs (indiamu aseniki), 0.35 eV: karibu nm 3500

Mtego unaonasa wengi ni GaAs kwa LED ya 940. Haitaona kitu, ibadilishe na LED ya 850. InP ni mbaya zaidi kwa sababu inadanganya: LED ya 940 ina mkia wa mwanga unaofika chini ya 925, kwa hiyo unapata mwitikio mdogo unaofanana na kifaa dhaifu. Nanowaya za InAs nazo mara nyingi hukua katika mpangilio wa fuwele wa wurtzite, na hapo pengo hupanuka kidogo kuliko la InAs ya kawaida. Usishangae ukomo ukishuka chini ya nm 3500.

Ukifanya kazi juu ya nm 2500, kagua kila kioo kilicho njiani. Kioo cha kawaida huanza kuziba mwanga eneo hilo, kwa hiyo dirisha la kifaa liwe la yakuti au kalsiamu floraidi. Balbu ya kioo haiwezi kuwa chanzo chako hata nyuzi zake zikiwaka vipi.

*Mkondo upo, kipimo hakiuoni.* Piga hesabu kabla ya kukata tamaa. Nanowaya yenye kipenyo cha nanomita 100 na urefu wa mikromita 5 ina kivuli cha nusu mikromita ya mraba. Chini ya miliwati 1 kwa sentimita ya mraba, inaangukiwa na pikowati 5 tu. Kila fotoni ya nm 940 ikizaa elektroni moja, unapata takribani pikoampea 4. Multimita ya mkononi inaishia kwenye sehemu ya kumi ya mikroampea, yaani mara elfu ishirini na zaidi juu ya hapo.

Nanowaya nyingi hubahatika kuwa na ukuzaji wa mkondo wa ndani: chaji moja inanaswa pembeni, mwenzake anazunguka kwenye saketi mara nyingi kabla hawajakutana tena. Ukuzaji wa mara 1000 hukupa nanoampea 4. Hata hivyo unahitaji pikoamita (kipimo cha mikondo midogo sana), au amplifaya ya mkondo yenye rezista ya megaohmu 100 ambayo nanoampea 4 inaigeuza kuwa volti 0.4. Hiyo multimita inaisoma vizuri.

*Mwanga unaangukia pembeni.* Kwa LED pana si tatizo. Kwa leza yenye doa la mikromita kadhaa ni tatizo kubwa. Sogeza doa polepole kwa mistari huku ukiangalia mkondo. Kama leza ina mwelekeo mmoja wa mtetemo, izungushe nyuzi 90: nanowaya hufyonza zaidi mtetemo unaolala sambamba nayo, na tofauti inaweza kuwa ya mara kadhaa. Tabia hii ilionyeshwa wazi kwenye nanowaya za InP mwaka 2001.

*Maungio ya metali hayashiki.* Zima mwanga, pima mkondo kuanzia volti −0.5 hadi +0.5 kwa hatua za milivolti 10, ukomo wa mkondo ukiwa nanoampea 100. Mstari ulionyooka ni muungano mzuri. Mkunjo wa herufi S ni kizuizi cha Schottky, yaani kikwazo cha umeme pale metali inapokutana na semikondakta. Kifaa bado kinaweza kuona mwanga, ila mwitikio utatoka ncha moja zaidi ya nyingine. Sifuri tupu ni mkatiko, au oksaidi iliyobaki chini ya metali.

Oksaidi hiyo hurudi ndani ya dakika chache baada ya kuoshwa. Uso uliosafishwa unatakiwa uingie kwenye mashine ya kupaka metali mara moja. Usiuache usubiri mwenye ufunguo arudi kutoka chai.

> Simama hapa. Kuosha oksaidi kwa asidi ya haidrofloriki au amoniamu salfaidi si kazi ya kujaribia. Ya kwanza hupenya ngozi bila kuuma mwanzoni na kufika mfupani. Haifanywi na mtu aliye peke yake, wala pasipo jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi. Ya pili ikigusana na asidi yoyote hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi inayoua. Mwachie aliyefunzwa, kwenye kabati lenye feni ya kuvuta hewa. Maji yaliyoosha GaAs au InAs yana aseniki, hayamwagwi sinki.

Dalili ya 2: Mkondo wa giza ni mkubwa, au unabadilika na hali ya hewa

Mkondo wa giza ni ule unaopita bila mwanga. Kwanza, giza lako si giza. Jua la mchana hufika karibu miliwati 100 kwa sentimita ya mraba, na takribani nusu yake ni infraredi. Mwanya mdogo wa dirisha unatosha kuifunika LED yako. Pazia jeusi lisikudanganye: rangi nyingi nyeusi za vitambaa huziba mwanga unaoonekana na kuachia infraredi ya karibu ipite au irudi. Weka sufuria. Mkondo ukishuka, ulikuwa unapima dirisha.

Kama haukushuka, angalia unyevu. Masika, Machi hadi Mei, uso wa chipu huvuta maji na mkondo hupita juu ya oksaidi bila kugusa nanowaya. Pima kati ya padi mbili (vibao vya metali vya kuunganishia nyaya) zisizounganishwa na chochote: ukipata zaidi ya pikoampea chache kwa volti 1, huo ni uvujaji. Suuza kwa isopropanoli, kausha kwa nitrojeni, pasha kwenye sahani ya moto nyuzi 110 kwa dakika 10, kisha hifadhi kwenye chombo chenye silika jeli. Alama za vidole zina chumvi na hufanya kazi ileile ya unyevu. Vaa glavu.

Halafu joto. Kwa fotodayodi ya silikoni mkondo wa giza hujirudia mara mbili kwa kila nyuzi 10 hivi. Asubuhi ya Julai pale Arusha na alasiri ileile chumba kikiwa kimepata jua ni vyumba viwili tofauti. Vipimo vya asubuhi na vya alasiri visilinganishwe bila kuandika joto.

Mwisho ni InAs yenyewe. Uso wake hukusanya elektroni kwa asili, kwa hiyo hupitisha umeme hata gizani. Mkondo wa giza mkubwa kwenye InAs isiyo na makutano ya p na n (mpaka kati ya upande wa chaji chanya na wa chaji hasi) ndiyo tabia yake. Dawa ni geti, yaani elektrodi ya jirani inayotumia volteji kuzifukuza elektroni, ganda la InP kuizunguka nanowaya, au baridi. Nitrojeni ya kimiminika kwenye chumba kidogo kilichofungwa husukuma oksijeni nje. Fungua madirisha au usiifungue kabisa.

Dalili ya 3: Mwitikio unapanda polepole, na ukizima mwanga haurudi

Dalili hii ndiyo inayozalisha matokeo mengi ya uongo, kwa sababu inaonekana kama mafanikio. Mkondo unapanda kwa sekunde kadhaa, unafika juu, unabaki. Wanaoweza kufanya hivyo ni wanne, na kila mmoja ana kipimo chake.

Amplifaya. Rezista ya megaohmu 100 ikikaa sambamba na pikofaradi 5 ina nusu milisekunde. Juu ya hezi 320 hivi mawimbi huanza kuzama. Weka rezista ya megaohmu 10. Kasi ikiongezeka mara kumi, kigunduzi hakina kosa. Lakini ucheleweshaji wa sekunde nzima hautoki hapa, endelea mbele.

Joto. Mwanga hupasha kitako cha silikoni, yaani bamba ambalo nanowaya imelala juu yake; kitako hupasha nanowaya, ukinzani hubadilika, nawe unaandika "imeona infraredi". Pima hivi: bila mwanga wowote, iweke chipu kwenye sahani yenye joto linalodhibitiwa, soma mkondo kwa nyuzi 25, 30 na 35. Sasa unajua mkondo hubadilika kiasi gani kwa nyuzi moja. Linganisha na mwitikio wako. Kama mwitikio wote ni sawa na kupanda kwa nusu nyuzi, mshuku joto. Kisha tumia mwanga ulio nje ya ukomo wa nanowaya, wenye nguvu ileile: kwa nanowaya ya silikoni, leza ya nm 1550. Ikiitikia vilevile, hutazamani na fotoni zinazovuka pengo.

Kitako kinachojibu kwa niaba ya nanowaya. Nanowaya ya InAs iliyolala juu ya silikoni yenye oksaidi ya nanomita 300, ukiiangazia kwa 940, silikoni iliyo chini inafyonza mwanga huo pia. Chaji zinakusanyika chini ya oksaidi na kufanya kazi ya geti. Sogeza doa la leza mikromita 50 mbali na nanowaya. Mwitikio ukibaki, kinachojibu ni kitako. Rudia kwa nm 1550, ambayo silikoni huiachia ipite lakini InAs huifyonza. Kipimo hiki cha dakika tano kimewahi kuokoa miezi ya kazi, na bado wengi hukiruka.

Mitego ya usoni. Ikiwa watatu wa juu wamefutwa, chaji zimenaswa kwenye kasoro za uso au oksaidi. Kwenye nanowaya za oksaidi ya zinki mhusika ni oksijeni iliyoganda usoni: mwanga huifukuza, na upitishaji unabaki juu hadi oksijeni irudi, ambayo huweza kuchukua saa nyingi. Pima hewani, kisha ndani ya ombwe. Kasi ya kurudi ikibadilika sana, ni uso. Kumbuka kwamba mtego huohuo ndio unaokupa ukuzaji wa mara 1000. Ukiuziba kwa ganda la alumina, kifaa kitapata kasi na kupoteza ukuzaji; amua unataka kipi kabla ya kupeleka chipu.

Wakati wa kupima, acha kifaa gizani mpaka mkondo utulie kabla ya kila mzunguko. Anayeanza mzunguko wa pili mkondo haujashuka anapima mabaki ya wa kwanza.

Dalili ya 4: Ukiwasha mwanga, mkondo unapungua

Kwanza angalia amplifaya. Amplifaya nyingi za mkondo hugeuza alama (chanya huwa hasi), na kilichoshuka kwenye skrini kimepanda kwenye waya. Geuza betri ya kifaa, au pima fotodayodi ya BPW34 kwenye saketi ileile uone inaelekea wapi. Amplifaya ya loki-ini (inayopima wimbi la mzunguko mmoja tu) ikionyesha ukubwa tu huficha alama kabisa. Soma na fezi, yaani wimbi limechelewa kiasi gani.

Alama ikiwa ya kweli, na nanowaya ni InAs, usitupe chipu. Upungufu huu umeripotiwa na kueleweka vizuri kiasi: mwanga huzipa elektroni nishati ya kuruka hadi kwenye tabaka la oksaidi usoni, zinanaswa humo, na chaji yao hasi inazisukuma elektroni zilizobaki katikati ya waya. Waya unakuwa mwembamba kiumeme. Geti na ganda la nje hubadilisha tabia hii. Kwa nanowaya nyingine, upungufu unaoambatana na mwendo wa polepole unakurudisha kwenye joto, dalili ya 3.

Dalili ya 5: Mawimbi ya kelele yamefunika kila kitu

Funika chipu kwa foili, usiguse waya. Kelele ya hezi 100 ikitoweka, ilikuwa mwanga: taa za tyubu na balbu nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Zima taa. Kelele ya hezi 50 ikibaki, inaingia kwa umeme: kebo ndefu, ardhi mbili zisizolingana, au chaja ya simu iliyo jirani. Badilisha chanzo cha kifaa kiwe betri, fupisha kebo ya kuingia kwenye amplifaya hadi chini ya nusu mita, unganisha ardhi zote mahali pamoja. Kebo ikitikiswa huzalisha chaji yenyewe, ibandike mezani kwa tepu.

Ukitumia kisahani kinachozunguka kukatakata mwanga, chagua mzunguko usiogawanyika na 50, kwa mfano hezi 137. Kwenye jenereta kichujio cha hezi 50 hakisaidii sana kwa kuwa mzunguko wake hautulii. Panga vipimo vidogo kwa betri pekee, na umeme ukicheza, subiri.

Dalili ya 6: Jana kilifanya kazi, leo hakipitishi kitu

Umeme tuli, karibu kila mara. Mwili wa mtu huhesabiwa kuwa na pikofaradi 100. Kwa volti 1000, ambazo hata hutazihisi kidoleni, unabeba mikrojuli 50, na nanowaya ni ndogo mno kuzimeza. Miezi mikavu ya Juni hadi Oktoba, sweta na kiti cha plastiki vinatosha. Kwenye hadubini utaona ncha mbili zilizoyeyuka na pengo katikati, wakati mwingine na vitone vya mviringo.

Wauaji wengine ni kubadilisha masafa ya kipimo kifaa kikiwa kimeunganishwa, kulehemu kwa pasi isiyo na ardhi, na kuacha ukomo wa mkondo wazi. Mikroampea 10 inaonekana ndogo, lakini ndani ya waya wa nanomita 50 ni ampea laki tano kwa sentimita ya mraba.

Nanowaya iliyokatika haifufuki. Kinachofanyika ni kuokoa zilizobaki kwenye chipu hiyo: vaa mkanda wa ardhi mkononi kabla ya kugusa kishikio, unganisha padi zote pamoja kwa swichi wakati wa kuhamisha nyaya, ongeza volteji kutoka sifuri polepole, na zima kwa kurudi sifuri badala ya kuchomoa.

Dalili ya 7: Namba ni nzuri kupita kiasi

Ukipata maelfu ya ampea kwa wati (mkondo uliopatikana ukigawanywa kwa nguvu ya mwanga), kagua kigawanyo. Umegawa kwa eneo la nanowaya kutoka kwenye picha, au kwa kipenyo ulichotarajia? Umetumia nguvu iliyosomwa na BPW34 mahali pa chipu, au iliyoandikwa kwenye boksi la leza? Rudia kwa nguvu tano tofauti, kutoka ndogo sana hadi kubwa. Mwitikio wenye mitego hushuka kadiri mwanga unavyoongezeka, kwa sababu mitego hujaa. Taja nguvu pamoja na namba, vinginevyo namba haina maana.

> Simama hapa pia. Leza za nm 808, 940, 980 na 1550 hazimfanyi mtu apepese jicho, kwa hiyo jicho halijilindi. Miwani iwe ya urefu wa wimbi unaoutumia, yenye namba ya kuzuia iliyoandikwa kwenye fremu. Miwani ya jua haizuii. Kama boriti haijafungwa ndani ya boksi na hakuna anayesimamia usalama wa leza, rudi kwenye LED ya miliampea 20.

Vipimo vyote vya juu vikipita na kifaa bado hakielezeki, chipu inahitaji hadubini ya elektroni. Ipeleke kwenye kisanduku cha plastiki inayopitisha chaji, padi zote zikiwa zimeunganishwa pamoja, na uandike kwenye kifuniko volteji ya juu na mkondo wa juu ambao kila nanowaya imewahi kupitishiwa. Vipimo vya umeme vimalizike kabla ya safari hiyo, kwa kuwa boriti ya elektroni nayo huacha chaji na kaboni usoni, na ukirudi mkondo wa giza hautakuwa ule uliouacha.